Kumshawishi Mheshimiwa Bila Kumpa Chai

Ukiwa Ogembo, Kaunti ya Kisii, na ukataka barabara ya kijijini iwekwe changarawe, au zahanati iongezewe muuguzi, hutakosa washauri. Mmoja atakwambia umtafute fulani kwa sababu "ana watu kaunti". Mwingine atakwambia ungoje mheshimiwa aje matangani umvute kando. Wa tatu atakwambia waziwazi kwamba pasipo kitu kidogo hakuna faili inayosonga. Wanaokosekana ni wa kukwambia kwamba kumwendea kiongozi na kumshawishi abadilishe uamuzi ni haki yako ya kikatiba, ina utaratibu wake, na haitozwi ada.

Tuanze na maana. Ushawishi ni juhudi ya makusudi ya kumfikia mtu mwenye mamlaka ya umma ili atunge, abadilishe, aache au aharakishe uamuzi fulani. Mtu huyo anaweza kuwa mwakilishi wa wadi, yaani MCA, au mbunge, seneta, gavana, waziri wa kaunti, hata afisa anayeandika rasimu ya bajeti. Uamuzi unaweza kuwa sheria, kodi, ushuru wa soko, leseni au mradi. Kwa hiyo kumsalimia MCA sokoni si ushawishi. Kulalamikia mashimo ya barabara ukiwa stejini na wanabodaboda si ushawishi pia, hata upaze sauti namna gani, maana hakuna mwenye mamlaka aliyekusikia. Ila siku utakapompelekea MCA huyo barua ukimwomba aiingize barabara hiyo katika mpango wa kaunti wa mwaka ujao, hapo umeingia katika ushawishi.

Je, wewe sasa ni mshawishi? Jibu linategemea nani anauliza. Kwa lugha ya kawaida, ndiyo. Kisheria, nchi nyingi zinazowasajili washawishi huangalia kwanza kama mtu analipwa. Marekani ina sheria ya mwaka 1995 inayomtaka mshawishi anayelipwa ajisajili na aseme anamtumikia nani. Anayehesabiwa ni yule aliyewasiliana na viongozi zaidi ya mara moja kwa niaba ya mteja, na ambaye kazi hiyo inachukua asilimia 20 au zaidi ya muda anaomtumikia mteja huyo. Sheria ya Uingereza ya 2014 ni finyu zaidi, kwa kuwa daftari lake ni la mawakala wanaokodiwa na wateja. Mwajiriwa wa kampuni anayetetea kampuni yake mwenyewe halazimiki kujisajili humo. Mkulima anayemwandikia mbunge wake kuhusu bei ya majani chai hahesabiwi popote pale kati ya hizo mbili.

Kenya haina sheria mahususi ya kuwasajili washawishi. Hakuna daftari, hakuna kitambulisho, hakuna leseni. Basi akitokea mtu Ogembo au Nyamira akisema yeye ni "mshawishi aliyesajiliwa", na kwamba ombi lenu halitapokelewa lisipopitia mikononi mwake, muulize amesajiliwa na nani na kwa sheria ipi.

Hata hivyo washawishi wa kulipwa wapo, na wana nguvu. Wako waajiriwa wa mashirika yanayotetea wanachama wao, kama Chama cha Watengenezaji Bidhaa, kifupi KAM, au muungano wa sekta binafsi, KEPSA, ulioanzishwa 2003. Wako viongozi wa vyama vya wafanyakazi kama COTU na KNUT. Kisha wako mawakili na kampuni za mawasiliano wanaokodiwa kwa jambo moja tu na wakishalimaliza wanaondoka. Kazi hiyo si haramu. Tatizo, kwa maoni yangu, ni giza: bila daftari, mkulima anayefika mbele ya kamati hana njia rahisi ya kujua ni nani aliyemtangulia kuongea na wajumbe, na alitumwa na nani.

Wakulima wa chai wa Gusii wanalijua jambo hili vizuri kuliko wengi. Mswada wa chai ulioanzia Seneti kwa mkono wa Seneta Aaron Cheruiyot wa Kericho ulivutwa huku na huku kwa takriban miaka miwili kabla ya kuwa sheria Desemba 2020. Wapo waliotaka wenye majani wawe na sauti zaidi katika viwanda vyao. KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya wakulima wadogo, kikiwemo cha Ogembo, ilipinga baadhi ya vipengele na ikaenda mahakamani. Pande zote mbili zilikuwa zikifanya ushawishi, na sheria hiyo ndiyo iliyoirudisha Bodi ya Chai ya Kenya. Aliyekuwa akichuma majani wakati huo bila kuandika hata barua moja alitungiwa sheria na waliojitokeza.

Kuna watu wanaofanana na washawishi lakini si wao. Mwandishi wa habari anayeripoti bei ya chai si mshawishi. Mtaalamu aliyeitwa na kamati ya bunge ajibu maswali si mshawishi, wala afisa wa kilimo anayemshauri waziri wake, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Nawe unapofuatilia kitambulisho chako au cheti cha kuzaliwa cha mtoto, unatafuta huduma. Huombi uamuzi ubadilishwe.

Ipo pia milango ambayo huruhusiwi kuibisha faraghani. Wa kwanza ni mahakama. Kama kesi yako ya shamba iko Mahakama ya Ogembo, usimtafute hakimu wala karani wake "mzungumze kidogo". Linalohusu kesi husemwa kortini, upande wa pili ukisikia. Wa pili ni zabuni. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakataza kujaribu kuwaathiri wanaotathmini zabuni baada ya muda wa kuziwasilisha kupita. Wa tatu ni ajira. Soma tangazo lolote la bodi ya uajiri ya kaunti hadi chini na mara nyingi utakuta onyo kwamba anayetafuta kupendelewa ataondolewa kwenye orodha. Vijana wengi wamepoteza pesa katika mlango huu wa tatu, wakimlipa mtu awaombee kazi kwa mkubwa.

Hapo ndipo lilipo swali la chai, ile isiyonywewa. Ushawishi unaishia wapi na hongo inaanzia wapi? Ukimpa mwenye mamlaka hoja, takwimu, picha za barabara na sahihi za majirani, umemshawishi. Ukimpa pesa, mbuzi, mafuta ya gari au ahadi ya kipande cha shamba ili afanye au aache kufanya kazi yake, hiyo ni hongo, hata kama mmeiita nauli. Sheria ya Hongo ya 2016 inawashika mtoaji na mpokeaji sawasawa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Sheria hiyohiyo inawataka maafisa wa umma, na wenye vyeo vya mamlaka katika taasisi za umma na za binafsi, waripoti hongo wanayoijua au kuishuku kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ndani ya saa 24. Simu ya EACC ya kuripoti bila malipo ni 1551.

Wazee wetu huuliza: na zawadi je? Mgeni hapokewi mikono mitupu, wala huwezi kumwita mheshimiwa kwenye mkutano wa kijiji umrudishe hivihivi. Katiba, kifungu cha 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali katika hafla ya umma au ya kikazi ni mali ya Jamhuri, isipokuwa pale sheria ya Bunge inaporuhusu vingine. Sheria ya Mgongano wa Maslahi, iliyotiwa sahihi Julai 2025, imeongeza masharti kuhusu zawadi na maslahi ya maafisa. Ushauri wangu ni huu: mkaribisheni kwa chakula kinacholiwa na wote mbele ya wote, na msimpe bahasha.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Tuseme soko lenu halina choo, na nyinyi wachuuzi wa mboga na ndizi mmechoka kuomba choo cha hoteli jirani. Mfanye nini?

Kwanza mjue jambo ni la nani. Nyongeza ya Nne ya Katiba imegawanya kazi. Masoko, zahanati na vituo vya afya, shule za chekechea, barabara za kaunti na huduma za ugani wa kilimo ni za kaunti. Polisi, shule za msingi na za sekondari, na barabara kuu za kitaifa ni za serikali kuu. Choo cha soko kwa hiyo ni cha kaunti, na mtu wenu wa kwanza ni MCA. Eneobunge la Bomachoge Chache, ambamo Ogembo imo, lina wadi tatu, na kila wadi ina mwakilishi wake. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni watu kumlaumu MCA kuhusu walimu wa sekondari, kisha kumfuata mbunge kuhusu choo. Wote wawili watawaitikia kwa heshima kisha wasifanye lolote, na hawatakuwa wamevunja sheria.

Pili, tafuteni habari kabla ya kuomba. Huenda choo hicho kilishatengewa fedha na mkandarasi ametoweka, na hapo ombi lenu litakuwa la aina nyingine kabisa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiomba ofisi ya umma habari ilizo nazo. Andika barua, kwa Kiingereza au Kiswahili, ueleze unachotaka. Asiyeweza kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Kuomba hakulipiwi, unaweza kutozwa gharama ya kunakili karatasi tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, nayo haitozi kitu.

Tatu, iandikieni idara husika kabla ya kwenda bungeni. Barua fupi kwa waziri wa kaunti anayesimamia masoko, nakala kwa MCA, yatosha. Hata msipojibiwa, barua hiyo itawafaa baadaye, kama mtakavyoona sasa hivi.

Nne, andikeni ombi rasmi, ambalo wengi huliita petisheni. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma. Kifungu cha 119 kinampa haki hiyo mbele ya Bunge la kitaifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 15, inampa mbele ya bunge la kaunti. Zingatia maneno "kila mtu". Hamhitaji kuwa chama kilichosajiliwa, hamhitaji wakili, na sahihi moja inatosha kisheria, ingawa sahihi za soko zima zina uzito mwingine.

Sheria ya 2012 inayoongoza maombi kwa Bunge la kitaifa imeeleza ombi liweje, na ukiifuata kwa ombi la kaunti pia, karani atakosa sababu ya kukurudisha. Liandikwe kwa mkono au lichapwe, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutwafutwa. Lielekezwe kwa Bunge. Likiwa na kurasa zaidi ya moja, kila ukurasa utaje ombi linahusu nini, ili mtu asije akachomoa karatasi ya sahihi zenu na kuibandika kwenye ombi lake. Liseme kama mlijaribu kwingine na mlijibiwa nini. Liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la. Lifunge kwa ombi lililo wazi na lenye heshima. Kisha majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi, na asiyeandika aweke alama ya kidole gumba.

Kwa soko letu la mfano, maneno yanaweza kuwa hivi:

"Kwa Bunge la Kaunti ya Kisii. Sisi tuliotia sahihi hapa chini, wachuuzi na wakazi wa wadi hii, tunaleta mbele ya Bunge mambo yafuatayo. Kwamba tunalipa ushuru wa soko kila siku tunapouza. Kwamba soko halina choo, na kina mama wenye watoto wachanga ndio wanaoumia zaidi. Kwamba tuliiandikia idara inayohusika na masoko tarehe hii na hii, na hadi leo hatujajibiwa. Kwamba jambo hili haliko mbele ya mahakama yoyote. Kwa hiyo tunaliomba Bunge lichunguze jambo hili, na lipendekeze fedha zitengwe katika mpango wa maendeleo wa mwaka ujao kwa ajili ya choo chenye maji katika soko hili."

Hayo yanatosha. Tazama sentensi ya barua kwa idara: ndiyo inayowaonyesha wajumbe kwamba hamkurukia bungeni. Tazama pia kwamba hakuna aliyetukanwa. Najua hasira zipo, lakini ombi linalomwita afisa mwizi bila ushahidi humpa nafasi ya kujadili jina lake badala ya choo chenu. Na msiweke sahihi za waliokufa wala za watoto walio nje ya nchi. Sahihi moja ya uongo ikigunduliwa, zile nyingine zote zitatiliwa shaka.

Ombi hupelekwa wapi? Kwa karani wa bunge la kaunti, mjini Kisii. Wa Kaunti ya Nyamira hupeleka Nyamira mjini. Karani hapa si mwandishi wa barua. Ni mkuu wa utumishi wa bunge. Mnaweza pia kumwomba MCA wenu aliwasilishe mwenyewe, na mimi ningefanya hivyo, maana akilibeba kwa mkono wake ni vigumu kulikana baadaye wakati wa kampeni. Nendeni na nakala mbili. Moja inabaki, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, mrudi nayo. Usiondoke bila muhuri huo, hata ukiambiwa mwenye muhuri ameenda kula. Msubiri.

Gharama yote ni ipi? Kuwasilisha ombi ni bure. Kuliandika kwa mkono ni bei ya karatasi. Mkitaka lichapwe, mtalipa mtu wa saiba kwa ukurasa, na kunakili kwa kawaida ni shilingi 5 au 10 kila ukurasa. Ongezeni nauli ya matatu ya watu wawili kwenda Kisii na kurudi. Watu wawili, kwa sababu aliyekwenda peke yake hana shahidi. Mtu yeyote atakayewaambia kuna "pesa ya kufungua faili" muulizeni risiti ya kaunti, kisha mpigie EACC.

Baada ya hapo ombi husomwa bungeni na kupewa kamati inayohusika. Kamati inaweza kuwaita mjieleze. Chagueni msemaji anayelipa ushuru pale sokoni, wala msitafute aliyesoma zaidi kijijini. Aende na picha, risiti za ushuru na nakala ile yenye muhuri. Sheria ya Serikali za Kaunti inazitaka mamlaka za kaunti zijibu maombi ya wananchi bila kuchelewa, kwa hiyo ziara ya kuuliza limefikia wapi ni halali kabisa, na barua ya kukumbusha ni bora kuliko simu.

Je, mnaweza kumkodi mtu awafanyie yote haya? Mnaweza, na chama cha ushirika chenye jambo kubwa la kitaifa pengine kitahitaji wakili. Andikianeni mkataba unaosema atafanya nini na atalipwa kiasi gani, mumlipe yeye kwa risiti, na mkatae sharti lolote la pesa "za kugawa huko mbele". Kwa choo cha soko hamumhitaji.

Wengine watauliza kama barua zina maana wakati barabara zikijaa vijana ndipo serikali husikia. Mwaka 2024 yalitokea yote mawili. Kamati ya fedha ya Bunge la kitaifa ilipokea maoni ya watengenezaji bidhaa na makundi mengine dhidi ya Mswada wa Fedha, na wananchi kwa maelfu wakawatumia wabunge wao ujumbe wa simu. Tarehe 18 Juni ilitangazwa kwamba kodi ya asilimia 16 kwa mkate na ile ya asilimia 2.5 kwa magari zimeondolewa. Kilichobaki cha mswada kiliondolewa Juni 26, siku moja baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu. Kifungu cha 37 kinalinda maandamano ya amani na ombi la maandishi pamoja. Lakini choo hakihitaji mtu apigwe risasi.

Limebaki suala la wakati, na hapa ndipo maombi mengi mazuri hufia. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ombi la fedha za mwaka unaoanza Julai likifika Kisii mwezi Juni, litapokelewa vizuri na kupongezwa, lakini fedha zitakuwa zimeshagawanywa. Anzeni kukusanya sahihi Mei, iandikieni idara mwezi huohuo, na ombi liwe mezani kwa karani kabla Julai haijaisha, ili liuwahi mpango wa Septemba.